Mchwa wa Likasi na Jiwe la Shinkolobwe

Miongoni mwa hadithi ambazo watu wa Marekani walizitunga baada ya Vita vya Pili vya Dunia ili kujisimulia hofu yao wenyewe, ni chache zilizoenea upesi na kudumu kama ile ya wadudu waliokua hata wakafikia kimo cha nyumba, wakatoka jangwani usiku, wakavamia mashamba na miji, wakamlazimisha binadamu, aliyezoea kuwakanyaga bila kuwaona, atafute silaha na hila za kuokoa roho yake. Hadithi hiyo ilionekana katika sinema mwaka 1954, ikahamia katika michezo ya kompyuta mwaka 1989, ikatengenezwa upya kwa sura nyingine, na hata leo wako watu wazima, wenye kazi na familia, wanaokesha mbele ya kioo wakipigana na chungu wakubwa kuliko ng'ombe. Nia yangu katika makala haya ni kuirudisha hadithi hiyo kwenye asili yake. Na asili hiyo, mtu akizifuata sababu moja baada ya nyingine kwa subira, humtoa Hollywood na California na kumfikisha karibu na mji wa Likasi, katika mkoa wa Haut-Katanga, mahali ambapo jiwe lililoizaa hofu ile lilichimbwa kwa mikono ya watu wetu, na ambapo, kwa kudura ya Mwenyezi Mungu, wadudu wa kweli walikuwa wamekwisha kuanza kujenga majumba yao makubwa zaidi ya miaka 2000 kabla ya mtunzi yeyote kuwawaza.

Likasi umekaa juu ya uwanda wa Katanga, kilomita zipatazo 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, penye njia ya reli iendayo Kolwezi, na pande zote umezungukwa na msitu wa miombo, ule msitu wa miti iliyoachana kidogo ambao hupukutika majani wakati wa kiangazi na kuchipua rangi nyekundu kabla mvua haijaanguka. Mgeni apitaye katika msitu huo kwa mara ya kwanza hustaajabia vilima vya udongo vilivyotawanyika kati ya miti, akadhani labda ni makaburi ya wafalme wa kale au mabaki ya ngome, kwa kuwa kila kimoja chaweza kuwa na kimo cha mita 5 hata 8, na upana wa mita 15 penye msingi, na katika hekta moja ya ardhi mtu huweza kuhesabu vitatu, vinne au hata vitano. Hivyo ni vichuguu, kazi ya mchwa ambao wataalamu wa elimu ya viumbe huwaita Macrotermes falciger, na fundi mwenyewe aliyevijenga hazidi urefu wa kucha ya mtu. Udongo wa baadhi ya vichuguu hivyo, ulipopimwa umri wake kwa njia ya kaboni katika miaka hii ya karibuni, ulidhihirisha kwamba tabaka za chini ziliwekwa zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Maana yake ni kwamba kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na kabla ya jahazi la kwanza la Waarabu kutia nanga Kilwa, mchwa wa Katanga walikuwa wakibeba chembe za udongo kutoka chini na kuzipandisha juu, kizazi kwa kizazi.

Inafaa kueleza namna majumba haya yanavyofanya kazi, maana ndani yake mna hekima isiyopungua ile ya wahandisi. Mchwa wafanyakazi hutoka usiku kutafuta miti mikavu na majani makavu, wakavitafuna na kuvirudisha nyumbani, wakavijenga mfano wa masega ambayo juu yake huota uyoga mwembamba mweupe. Uyoga huo huivunja miti na kuifanya chakula, na mchwa hula walichokipanda, kama mkulima alavyo katika shamba lake. Katikati ya kichuguu, katika chumba chenye kuta nene, hukaa malkia ambaye tumbo lake limefura hata hawezi kutembea, akitaga mayai maelfu kwa maelfu kwa siku moja, na kando yake hukaa mfalme, mumewe, ambaye hamwachi maisha yake yote. Mvua za kwanza zinapokuja, mwezi wa Novemba na Desemba, kumbikumbi wenye mbawa hutoka kwa wingi kama moshi kwenda kuanzisha falme mpya, na watu wa Likasi, kama watu wa miji mingine ya Katanga, huwakamata kwa mwanga wa taa na kuwakaanga kwa chumvi. Katika majira yayo hayo, kutoka katika zile bustani zilizofichwa, huota juu ya ardhi uyoga mkubwa kuliko wote uliwao duniani, Termitomyces titanicus, ambao kofia yake huweza kufikia upana wa mita nzima, na ambao mtu huubeba kichwani kuelekea sokoni kana kwamba amejitwika mwavuli.

Fauka ya hayo, kichuguu ni hazina kwa mkulima na kwa fundi. Ardhi ya uwanda wa Katanga kwa kawaida ni nyekundu, chovu, iliyofuliwa na mvua za miaka elfu nyingi, lakini udongo wa kichuguu una mfinyanzi mwingi zaidi, una chokaa iliyojikusanya ndani yake vibonge vibonge, na una rutuba ambayo wakulima wameijua tangu zamani, wakapanda juu yake mahindi, mtama na mboga. Na kwa kuwa mchwa huupandisha udongo kutoka chini sana, hupandisha pia habari za miamba iliyolala huko, hata wachunguzi wa madini wamejifunza kuchukua udongo wa vichuguu na kuupima ili wajue kama chini yake kuna shaba au kobalti. Wadudu hawa, basi, walikuwa wachunguzi wa madini wa Katanga kabla ya wachunguzi wengine wote.

Wa pili baada yao walikuwa Wasanga na jirani zao, wale ambao wamisionari na maofisa wa Kibelgiji waliwaita walaji wa shaba. Kuyeyusha shaba katika nchi hii ni kazi ya zaidi ya miaka 1000, na makaburi ya kale ya bonde la Upemba, yaliyofukuliwa na wataalamu tangu mwaka 1957, yametoa misalaba midogo ya shaba ambayo ilikuwa fedha ya nchi kabla ya senti na faranga. Kazi yenyewe ilikuwa ya kiangazi. Mavuno yakiisha kuingizwa ghalani, watu walihama kwenda kupiga kambi karibu na vilima ambavyo havikuota miti, kwa sababu shaba iliyomo ardhini huiua mizizi. Wanaume wakachimba, wanawake na watoto wakaokota na kuchambua mawe ya kijani, yaani malakiti, wakayaosha mtoni, na wengine wakachoma makaa ya miti migumu iliyoteuliwa kwa kazi hiyo peke yake. Kisha fundi mkuu, ambaye ilimu yake aliirithi kwa baba yake na kuilinda kwa miiko na dua kwa mizimu ya wahenga, alisimamisha tanuri. Na tanuri hilo, pamoja na midomo ya mivukuto yake, lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, maana katika nchi nzima hapakuwa na udongo mwingine uliostahimili moto kama ule uliokwisha kusagwa, kulowekwa kwa mate na kushikamanishwa na mchwa. Shaba ilipotiririka ilipokewa katika kalibu za sura ya msalaba, au ikayeyushwa tena na kusafishwa, kisha ikavutwa nyuzi nyembamba za kutengenezea bangili.

Askofu mmoja wa Kibelgiji, Jean-Félix de Hemptinne, aliandika habari za kazi hiyo katika makala aliyoyachapisha mwaka 1926, wakati ambapo matanuri yenyewe yalikuwa yamekwisha kuzimwa na ilimu ile imebaki katika vichwa vya wazee. Nakumbuka daima kwamba katika mwaka uo huo wa 1926 Mbelgiji mwingine, Maurice Maeterlinck, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1911, alitoa kitabu mashuhuri juu ya maisha ya mchwa, ingawa hakupata kuishi katika nchi yao, na ingawa Eugène Marais wa Afrika Kusini, aliyewatazama mchwa kwa macho yake miaka mingi, alilalamika kwamba mawazo yake yamechukuliwa pasipo idhini. Mmoja aliwaandika wadudu na mwingine akawaandika wafua shaba. Lau wangalikutana na kulinganisha kurasa zao, pengine wangaliona kuwa kuta za kichuguu na kuta za tanuri ni za udongo mmoja.

Shaba hiyo ilisafiri mbali. Katika karne ya kumi na tisa M'siri, mwana wa wafanyabiashara waliotoka Unyamwezi, alijifanyia usultani katika nchi ya Wasanga, akajenga mji wake mkuu Bunkeya, na kutoka huko shaba, pembe za ndovu na, kwa masikitiko yetu, watumwa, walipelekwa magharibi hata Benguela na mashariki hata pwani yetu ya Waswahili, na njia hizo ndizo zilizoileta lugha ya Kiswahili katika nchi ambayo sasa haiwezi kuwazwa bila lugha hiyo. Msafara wa William Stairs, ulioondoka pwani mwaka 1891 ukiwa na wapagazi na askari kutoka Unguja na mrima, ndio uliofika Bunkeya na kumwua M'siri tarehe 20 Desemba mwaka huo. Na muda mfupi baadaye akafika mtaalamu wa miamba Jules Cornet, aliyepita juu ya vilima vya Kambove na vinginevyo mwaka 1892 na kuandika kwa mshangao utajiri aliouona, utajiri ambao alama zake zote alizionyeshwa na mashimo ya wachimbaji wa kale.

Mambo yaliyofuata yanajulikana, nami sitayarefusha. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 na Kambove mwaka 1913. Mgodi wa Likasi ukafunguliwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mitambo ya Panda ikajengwa, na kiwanda cha Shituru, cha kusafisha shaba kwa nguvu za umeme, kikaanza kazi mwaka 1929. Mji ukapewa jina la Jadotville, kwa heshima ya mkubwa mmoja wa kampuni, ukalibeba hadi mwaka 1966. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, wakakusanywa katika kambi za kampuni, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi, ya soko na ya nyumbani. Katika ujenzi wa miji hiyo vile vichuguu vilitumika tena, kwa kuwa udongo wake hutoa matofali mazuri, na kuta nyingi za Katanga, za mabwana na za watumishi, zimetoka katika majumba ya mchwa yaliyobomolewa.

Sasa natufike penye kiini cha habari. Yapata kilomita 20 magharibi ya Likasi pana mahali paitwapo Shinkolobwe. Mwaka 1915 Mwingereza mmoja aliyetumikia kampuni, Robert Rich Sharp, alitambua huko mawe mazito yenye rangi za manjano, za machungwa na za kijani, nayo yalikuwa mawe ya urani, tajiri kuliko yote yaliyopata kuonekana. Rangi zile zilikuwa za aina nyingi hata wataalamu walipata humo madini mapya ambayo hayakuwahi kuelezwa, wakayapa majina ya wanasayansi na ya wakubwa wa kampuni: moja likaitwa kwa jina la Sharp, jingine kwa jina la Schoep, jingine kwa jina la Sengier, lakini sijapata kusikia moja lililopewa jina la mchimbaji. Tangu mwaka 1922 mawe hayo yalipelekwa Olen, Ubelgiji, kutolewa radiamu, ambayo waganga wa Ulaya waliitumia kutibu saratani, na urani yenyewe, iliyobaki baada ya radiamu kutolewa, ilikuwa na kazi chache sana, kama kutia rangi vyombo vya kauri.

Mambo yalibadilika mwaka 1939, wataalamu wa Ulaya walipotangaza kwamba kiini cha urani huweza kupasuliwa na kutoa nguvu zisizo na kifani. Tarehe 2 Agosti mwaka huo Albert Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt, na katika barua hiyo Kongo ya Wabelgiji ilitajwa kuwa chimbuko kuu la urani ulimwenguni. Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alikuwa amekwisha kuonywa na wataalamu wa Uingereza na Ufaransa, naye mwaka 1940 aliagiza zaidi ya tani 1000 za mawe ya Shinkolobwe zipelekwe New York, zikawekwa katika ghala moja huko Staten Island, zikakaa kimya. Septemba 1942 afisa mmoja wa jeshi la Marekani, Kanali Kenneth Nichols, alikwenda ofisini kwa Sengier mjini New York kumwuliza kama angeweza kusaidia kupata urani, na Sengier akamjibu kwamba mali iko tayari. Mawe yale yalikuwa na kiasi cha asilimia 65 ya oksidi ya urani, ilhali migodi mingine, katika Kanada na Marekani, ilishukuru kupata asilimia moja au pungufu. Mgodi, uliokuwa umefungwa na kujaa maji, ukafunguliwa tena, na magunia na mapipa yakasafiri kwa reli hata Port-Francqui, kwa mashua katika mto hata Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, na kwa reli tena hata Matadi, ambako meli zilingoja. Katika urani yote iliyotumika kutengeneza mabomu ya kwanza, yapata theluthi mbili ilitoka Kongo.

Ni wajibu kusimama hapa kidogo kwa ajili ya watu ambao majina yao hayamo katika vitabu. Waliochimba Shinkolobwe walifanya kazi katika shimo la wazi, na kuchambua mawe kwa mikono, na jiwe lile halina harufu wala joto la kumwonya mtu aliyelishika. Habari za mgodi zilifichwa, hata wenyeji wa Jadotville waliokaa mwendo wa saa chache kutoka pale hawakuambiwa mzigo ule unakwenda wapi wala kwa kazi gani. Desemba 1941, chini ya mwaka mmoja kabla ya Nichols kupanda ngazi za ofisi ya Sengier, wafanyakazi wa Union Minière wa Jadotville na Élisabethville waligoma wakidai mishahara iliyolingana na ughali wa maisha wakati wa vita, na askari wakawafyatulia risasi, wakafa wengi. Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani mwaka 1946. Sidhani kwamba mwanahistoria yeyote mwadilifu anaweza kuziandika habari hizi mbili katika kurasa zilizoachana.

Tarehe 16 Julai 1945, alfajiri, bomu la kwanza lililipuliwa katika jangwa la New Mexico. Siku 21 baadaye likaangamizwa jiji la Hiroshima, na siku 3 baada ya hapo Nagasaki. Wamarekani walishinda vita, lakini walirithi hofu ambayo hawakuweza kuitaja waziwazi, na kwa kuwa hofu isiyotajwa hutafuta umbo, mwaka 1954 kampuni ya Warner ilitoa sinema iitwayo Them!, iliyoongozwa na Gordon Douglas, ambamo katika jangwa lilo hilo la New Mexico miaka 9 baada ya mlipuko ule, miali ya bomu imewageuza chungu wa kawaida wakawa majitu yanayobomoa nyumba na maduka na kula sukari ya dukani. Malkia wao wanaruka na kuenea, na hatimaye jeshi linawafuata hata mifereji ya maji ya mvua chini ya Los Angeles, likawachoma moto. Mtazamaji wa Jadotville, kama sinema hiyo ilipata kuonyeshwa kwake, angeweza kuitazama hadi mwisho asijue kwamba mzazi wa majitu yale alitoka kilomita 20 kutoka kitini pake.

Miaka 35 baadaye kampuni ya Cinemaware ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao It Came from the Desert, uliotungwa na David Riordan kwa kuifuata roho ya sinema ile, nao, ijapokuwa ni mchezo, uliandikwa kwa ajili ya watu wazima, wenye subira ya kufuata hadithi. Nimeona inafaa kuueleza kwa kirefu, kwa sababu mpango wake unastahili heshima. Mambo yanatokea mwaka 1951 katika kijiji cha kubuni, Lizard Breath, pembezoni mwa jangwa la California. Mchezaji ni Daktari Greg Bradley, mtaalamu wa miamba, aliyefika huko kuchunguza kimondo kilichoanguka, na ana siku 15 tu. Saa haisimami. Kila mwendo wa gari kutoka shamba moja hadi jingine hula dakika, kila mazungumzo hula dakika, na watu wa kijiji wana nyakati zao, huyu hupatikana asubuhi ofisini, yule usiku kilabuni, na mchezaji asiyejua kupanga siku yake hukuta mlango umefungwa. Kazi yake ni kukusanya ushahidi: vipande vya mawe, sauti iliyorekodiwa, mguu wa mdudu, kisha ampelekee mkuu wa mji, ambaye hataki kuamini, kwa kuwa kuamini kutamharibia sherehe na biashara.

Kati ya mazungumzo hayo zimepangwa pazia za vitendo. Chungu mmoja atokea usiku mbele ya mchezaji, naye hana budi kulenga pembe zake za kichwani, maana risasi nyingine zote hazimdhuru. Nyumba yashika moto, lazima auzime. Vijana wakorofi wamtaka washindane kwa magari au kwa visu. Iko ndege ya kunyunyizia dawa mashamba, ambayo huitumia kuwashambulia wadudu kutoka angani. Akishindwa katika lolote, hafi, bali huzinduka kitandani hospitalini, siku zake za thamani zikipotea, na huweza kujaribu kutoroka kwa kuwakwepa wauguzi katika vyumba na ujia. Ushahidi ukitosha, mkuu wa mji hukubali, askari na vifaru huletwa, na vita vya kuokoa kijiji huanza. Na mwisho wake mchezaji hushuka ndani ya kiota chenyewe, katika njia zilizopindana gizani, akabeba bomu kwa ajili ya malkia. Mwendelezo wake ulitolewa mwaka 1990, na mwaka 1992 mchezo wote ulitengenezwa upya kwa mashine nyingine, safari hii waigizaji wa kweli wakapigwa picha mahali pa michoro. Kwa maoni yangu toleo hilo jipya lilipata sura za watu likapoteza uzito wa saa, ambao ndio uliokuwa roho ya mchezo wa kwanza, kwani hofu ya kweli katika hadithi hiyo haitoki kwenye meno ya mdudu. Yatoka katika kujua jambo la hatari na kutosikilizwa siku zikienda.

Na hapa ndipo mtungaji wa Kimarekani, pasipo kujua, alipoisogelea Likasi kuliko alivyodhani. Shujaa wake ni mtaalamu wa miamba, kama Cornet na Sharp. Hazina yake ni mawe yaliyopimwa. Adui wake wa kwanza ni mkubwa anayeficha habari kwa sababu ya faida. Alipokosea ni katika wadudu. Mdudu hawezi kufikia kimo cha ng'ombe, kwa kuwa hana mapafu, huvuta hewa kwa mirija midogo iliyoenea mwilini mwake, na gamba lake la nje, likikuzwa kwa kipimo hicho, lingemvunja kwa uzito; wadudu wakubwa kuliko wote waliopata kuruka, jamii ya kerengende walioishi miaka milioni 300 iliyopita, walikuwa na mbawa zisizozidi sana sentimita 70 kutoka ncha hadi ncha. Ukubwa wa kweli wa wadudu uko katika wingi wao na katika kazi yao, na hilo lilikuwa wazi kwa kila mtoto wa Katanga aliyewahi kupanda kichuguu. Mtunzi kijana wa Likasi akitaka siku moja kuandika mchezo wake, ana saa nzuri kuliko ile ya siku 15: ana kiangazi kimoja cha kuyeyusha shaba, ambacho ndani yake hana budi kupata udongo, makaa, mawe na baraka ya wazee kabla mvua ya kwanza haijaliharibu tanuri.

Mji wenyewe umeendelea kuingizwa katika hadithi za wengine. Septemba 1961 kikosi cha askari wa Ireland chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, watu wapatao 150 wakiongozwa na Pat Quinlan, kilizingirwa Jadotville na majeshi ya Katanga, iliyokuwa imejitenga na Kongo, kwa siku 5 hata kikaishiwa maji na risasi, na mwaka 2016 ikatoka sinema ya vita hivyo, ambamo wenyeji wa mji ni kama vivuli vipitavyo nyuma ya askari. Mgodi wa Shinkolobwe ulikuwa umefungwa mwaka 1960, kabla ya uhuru, na midomo yake ikazibwa kwa saruji. Lakini kampuni ya serikali, Gécamines, iliyoirithi Union Minière, ilipoporomoka katika miaka ya 1990 na mishahara ikakoma, maelfu ya watu walikwenda pale na sululu na mifuko kutafuta kobalti, wakijenga vibanda juu ya jiwe lilelile. Mwanzoni mwa mwaka 2004 Rais wa Jamhuri alitoa amri ya kupafunga. Julai mwaka huo sehemu ya mgodi ikawaporomokea wachimbaji, wakafa watu 8, kisha kijiji chao kikabomolewa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaja kupima.

Na hata leo, katika viunga vya Lubumbashi na Likasi, wafyatua matofali wanaendelea kuvikata vichuguu kwa majembe, kwa kuwa miji inakua na watu wanahitaji nyumba, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanavipima vilivyobaki. Wazee waliochimba Shinkolobwe kabla ya mwaka 1960 hawawezi kuwa wengi tena, wala wajukuu wa wafua shaba wanaokumbuka ni mti upi uliotoa makaa na ni kichuguu cha aina gani kilichofaa kwa tanuri. Walimu wa Likasi, mapadre, wanafunzi wa historia na jamaa wenye simu ya kurekodi sauti wanaweza kwenda kuwauliza mwezi huu, kwa Kiswahili chao, nyumbani kwao: nani alichambua mawe, alivaa nini mikononi, alilipwa kiasi gani, aliambiwa nini juu ya rangi ile ya manjano, na alirudi nyumbani na nguo zipi.